Mgongo Kwenye Picha

Mtaani wanamwita Bi Waya, na jina hilo hakulichagua. Alilipata zamani alipokuwa akitandaza nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, akipanda ngazi na suruali yake ya kaki huku wapita njia wakisimama kumtazama, kana kwamba mwanamke juu ya ngazi ni sarakasi ya bure. Baadaye mafundi umeme walipozidi mjini, akahamia kwenye kamera za ulinzi. Kazi ikabadilika, jina likabaki.

Ukimpigia simu kwamba unataka kamera, hatakuuliza za aina gani. Atakuja, atavua viatu mlangoni, ataomba kiti. Ataketi hapo dukani au sebuleni kwako kama mtu aliyekuja kuposa, mikono mapajani, kimya, akitazama. Anatazama jua linaingia upande gani, kwa sababu mtu akisimama na dirisha nyuma yake, kamera humwona kivuli tu. Anatazama kimo cha dari, kwa sababu kamera iliyopandishwa juu mno huona kofia, haioni nyuso. Anawatazama watu wa mle ndani wanapopita, nani anatembea kwa raha na nani ananyata kwake mwenyewe. Akimaliza hayo ndipo huuliza:

"Unataka kumwona nani?"

Wengi hujibu, "Mwizi."

"Mwizi yupi?"

Hapo ndipo anapopata jibu lake. Asiye na mtu moyoni hucheka na kusema, "Ningemjua ningekuita wewe?" Mwenye mtu moyoni, jicho lake huponyoka, likaenda kwa shemeji anayepanga chupa rafuni, au kwa mpangaji anayeanika nguo uani. Bi Waya hulifuata jicho hilo bila kugeuza shingo. Husema amefunga kamera nyingi maishani, na ni chache sana zilizoelekezwa kwa watu wasiojulikana.

Kazi nyingine huzikataa. Baba mmoja alitaka kamera chumbani kwa binti yake, iliyofichwa ndani ya saa ya ukutani. Bi Waya aliikunja ngazi yake, akaondoka. Mwenye baa mmoja naye alitaka kuona kinachotendeka nyuma ya ukuta wa mshindani wake. "Hiyo si kamera, kaka," akamwambia. "Hiyo ni ramli, na mimi nina drili tu."

Lakini huwezi kushinda ndani ya shaka za watu miaka yote hiyo ukatoka mkavu. Mkahawani haketi akiupa mlango mgongo. Dada yake humwambia, "Ukija kwangu tazama chakula, usitazame dari." Mumewe ni dereva wa malori, na kila akirudi safari, Bi Waya humtazama mikono kwanza, kisha begi, kisha uso. "Haya, nikague nipite," husema yule bwana, akiinua mikono juu kama mtu aliyefika mpakani. Hucheka wote wawili. Ila mumewe hucheka mara moja, na Bi Waya hucheka akishamaliza kutazama.

Huyo ndiye fundi aliyeitwa na Mama Majora.

Mama Majora alikuwa mjane, na watu walimwita hivyo kwa ajili ya majora ya vitambaa aliyouza. Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati palikuwa na stoo ndefu isiyo na dirisha, yenye rafu pande zote mbili. Tangu afiwe na mumewe alivaa nguo nyeusi tu, gauni refu la kitambaa laini chenye kung'aa na mtandio wake mweusi, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea, hata wateja wakiuliza njia waliambiwa tafuta mama mwenye nyeusi. Aliishi na mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi ya kupima viwanja, na mke wa mwanawe, ambaye alikuwa muuguzi.

Siku ya kufunga kamera alimvuta Bi Waya karibu, sauti chini.

"Vitambaa vyangu vinatembea."

"Vinakwenda wapi, mama?"

"Ningejua si ningevifuata? Lile jora la hariri ya kijani, halipo. La maua madogo, halipo. Yale mazuri tu ndiyo yanayoondoka. Mwizi wangu anajua kuchagua."

"Na unataka kumwona nani?"

Jicho la Mama Majora likatoka kwa mlango wa nyuma, likatua kwenye kamba ya kuanikia, ambapo sare nyeupe ya muuguzi ilikuwa ikikauka juani. Bi Waya akalifuata, akarudia drili yake.

Alimweleza kila kitu, kama kawaida yake. Dukani kamera mbili, moja ikitazama meza ya kukatia vitambaa na nyingine ikitazama mlango. Stoo moja, juu ya mlango, kwa ndani.

"Humu kuna giza, mama. Kamera itaona, ina taa zake ambazo macho yetu hayazioni. Lakini rangi zitapotea. Utaona watu kama kwenye picha za zamani."

"Rangi za nini? Rangi ninazo dukani. Mimi nataka mtu."

Mwanawe akapita na kikombe cha chai. "Mama, na humo stoo anaingia nani zaidi yetu sisi?"

"Ndiyo maana," akajibu mama, bila kumtazama.

Yule muuguzi alimletea fundi maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye usingizi wa zamu machoni. Akasimama chini ya ngazi akitazama waya unavyopigwa klipu ukutani.

"Fundi, na bafuni utaweka?"

"Hapana, mwanangu."

"Uliza vizuri. Isije ikawa mama amesahau tu kuagiza."

Alisema akitabasamu, na Bi Waya alitabasamu pia, lakini aliposhuka ngazi alijikuta akimtazama mikono. Vidole virefu, kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Mikono ya mtu anayechukua vitu taratibu. Akajikemea moyoni. Kisha akaitazama tena.

Kwa muda hakusikia lolote kutoka nyumba ile. Kisha simu ikalia, na Mama Majora hakusalimu.

"Nimemnasa."

"Nani, mama?"

"Njoo na kile kifimbo chako cha kuhamishia picha. Kaka yangu anakuja Jumapili, nataka aione kwenye runinga kubwa, si kwenye kisimu. Nataka waione wote. Halafu huyo mtu arudi kwao."

Jumapili asubuhi Bi Waya aliingia nyumba ile na kukuta kimya cha watu waliokwisha kugombana. Sebuleni alikaa mjomba, mwanamume mnene mwenye sauti nzito, akigeuza rimoti ya runinga mkononi kama hakimu aliyepewa rungu. Mwana wa nyumba alikaa mbali naye, macho kwenye zulia. Ukumbini, kando ya mlango wa chumba cha mwana na mkewe, palikuwa na begi kubwa limefungwa zipu, na juu yake jozi ya viatu vyeupe vya kazi.

Muuguzi alikuwa amesimama hapo hapo, amejiegemeza ukutani.

"Karibu, fundi," akasema. "Umekuja kunionyesha sinema yangu?"

"Umeiona?"

"Alinionyesha mume wangu kwenye simu. Mtu mwenye nguo nyeupe, kichwa kimefunikwa, anabeba jora. Saa zile zile ninazorudi zamu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi. "Nikuambie kitu? Nimeitazama mara nyingi mpaka nimeanza kujishuku. Nikirudi huwa nimechoka sana. Nimejiuliza, je, kama ni mimi na sijui?"

Bi Waya alikwisha kuwaona waongo wa kila aina, wanaolia na wanaoapa. Hakuwahi kumwona mwongo anayejishuku kwa niaba ya mwenzake.

Mama Majora alimwita chumbani kwake, ambako mashine ya kurekodia ilikuwa imewekwa juu ya kabati dogo pamoja na kioo chake cha kuonyeshea picha. Akafunga mlango kwa komeo.

"Harakisha. Mjomba wao akishiba, usingizi humchukua."

Bi Waya akaitafuta picha, akaichezesha. Stoo ikatokea, ya kijivu, rafu zake kama mbavu. Mlango ukafunguka, mtu akaingia, akaupa uso ukuta na kamera akaipa mgongo. Nguo ndefu iliyofifia hadi weupe, kichwa kimefunikwa kwa kitu cheupe. Akatembea moja kwa moja hadi rafu ya mwisho, akainua jora, akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

"Umeona?" Mama alikuwa amemshika Bi Waya bega. "Umeona mwendo huo? Mwendo wa wizi huo!"

Bi Waya akairudisha. Akaichezesha tena, polepole.

Hakuupenda ule mwendo, ila kwa sababu nyingine. Swichi ya stoo ilikuwa ukutani, kando ya mlango, na aliyeingia hakuigusa. Aliingia gizani tororo akaenda hadi mwisho bila kunyoosha mkono wala kujikwaa. Siku ile ya kufunga, Bi Waya alikuwa amemwona muuguzi akiingia mle kuchukua ufagio: aliwasha taa kabla mguu haujavuka kizingiti. Na mwana wa Mama Majora vilevile.

Akasogeza picha mbele. Mtu yule alifika rafuni, na kabla ya kuinua jora alilipitishia mgongo wa kiganja, mara moja, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Bi Waya akageuka taratibu. Kitandani, pembeni ya Mama Majora aliyekuwa amekwisha kuketi, palikuwa na kipande cha kitambaa kilicholetwa kutoka dukani, na mama, bila kujua, alikuwa akikipitishia mgongo wa kiganja.

"Mama," akasema. "Nikuombe kitu. Nenda stoo, usiwashe taa. Simama tu pale, unipe mgongo. Mimi nitakutazama hapa."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Nataka kupima kamera."

"Umeongea naye pale ukumbini. Nilisikia." Macho ya mama yalikuwa yamekuwa madogo. "Amekuahidi nini? Hee, Bi Waya, na wewe wamekununua?"

"Hakuna aliyeninunua. Nenda, mama, kisha uje uniseme utakavyo."

Alikwenda kwa kuburura miguu, akinung'unika kwamba siku hizi hata mafundi wanaagiza. Bi Waya akasubiri. Kwenye kioo mlango wa stoo ukafunguka, na akaingia mtu mwenye nguo ndefu nyeupe, kichwa kimefunikwa kwa mtandio mweupe, akatembea hadi rafu ya mwisho gizani bila kugusa kitu.

Mama aliporudi, Bi Waya alimkalisha kitandani, akaziweka picha mbili kwenye kioo, moja kando ya nyingine.

"Huyo ni yeye," mama akasema, akinyooshea ya kwanza. "Na huyu pia ni yeye. Ameingia lini tena?"

"Huyo wa pili ni wewe. Sasa hivi."

"Mimi nimevaa nyeusi."

"Ndiyo. Zile taa za kamera, mama, hazioni kama sisi. Vitambaa vingine vyeusi, hasa hivi laini vya kung'aa, vinazirudisha. Nyeusi inakuwa nyeupe. Nilikuambia rangi zitapotea, hili sikukuambia. Nilipaswa kukuambia, wewe hasa, mwenye duka la vitambaa na gauni hilo."

Mama Majora aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akautazama ule mgongo mdogo, ulioinama bega moja, mgongo wa mwanamke mzee. Nani anaujua mgongo wake? Uso tunaamka nao kila siku kwenye kioo, lakini mgongo tunawaachia wengine wautazame.

"Uongo," akasema, ila kwa sauti ndogo. Kisha, "Nilikuwa nakwenda kuchukua kwa ajili ya mteja, labda."

"Labda. Kulipeleka wapi?"

Mama akainuka, akavuta kamba iliyokuwa shingoni mwake, yenye ufunguo mmoja, akaenda kwenye kabati la marehemu mumewe. Kabati hilo halikuguswa na mtu. Aliingiza ufunguo kama anayeingiza mkono motoni.

Makoti ya marehemu yalikuwa yamening'inia kama alivyoyaacha. Nyuma yake, yamesimamishwa wima vizuri, yalikuwa majora. Hariri ya kijani. Maua madogo. Yale mazuri tu.

"Nani ameyaweka humu?" Mama aligeuka kwa ghafla, akautazama mlango, dirisha, kisha Bi Waya. "Nani ameingia chumbani mwangu?"

Bi Waya aliutazama tu ule ufunguo, ambao bado ulikuwa umefungwa kwa kamba shingoni mwa mwenyewe. Mama naye akautazama. Shaka yake ikazunguka chumba kizima, kona kwa kona, ikitafuta mtu mwingine wa kumkalia, ikakosa.

Sebuleni mjomba alikohoa. "Dada! Sinema yenyewe iko wapi?"

Mama Majora alimshika fundi mkono. Kiganja kilikuwa cha baridi.

"Utawaambia kamera imeharibika. Utasema picha si ya kweli, mitambo hii inachanganya. Mimi nitasema nimemsamehe, akae. Yaishe."

Kwa Bi Waya hilo lingekuwa jambo dogo. Angetukanwa kidogo, angechekwa na mjomba, angerudi kwake. Lakini alikumbuka begi lile ukumbini na yule mwanamke aliyeanza kujishuku.

"Mama, nikisema hivyo, mkwe wako ataishi humu akiwa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya. Kila kitakachopotea, watamtazama yeye. Hata kijiko. Mwanao atamtazama yeye."

"Na mimi je? Watanitazamaje?"

"Sijui, mama," Bi Waya akasema. "Lakini watakuwa wanakutazama wewe."

Kisha Mama Majora alilitoa lile jora la kijani nyuma ya makoti, akalipitishia mgongo wa kiganja, akalibeba kifuani kama mtoto, akafungua komeo.

Alipoingia sebuleni, mjomba aliinua rimoti, akaishusha. Mama alimpita yeye, akampita mwanawe, akaenda ukumbini hadi alipokuwa amesimama mkwe wake, akamwekea jora mikononi.

"Ni mimi," akasema. "Yule wa kwenye picha ni mimi. Yako kabatini mwangu, yote. Niliyaficha ili yasiibwe, nadhani. Sikumbuki. Ila ufunguo ninao mimi."

"Dada, unasema nini?" mjomba akauliza. "Kwa hiyo hakuna mwizi?"

"Nyamaza, kaka."

Mwanawe aliinuka, uso umemjaa nafuu, akaanza kucheka. "Basi mama! Umetutisha bure, ona sasa, hata begi..." Akakutana na macho ya mkewe, kicheko kikamfia mdomoni.

Muuguzi hakulitazama jora. Alimtazama mama, kwa jicho lingine ambalo Bi Waya hakuwa ameliona kwake, jicho la kazini.

"Mama. Umeanza kusahau tangu lini?"

Mama Majora alitaka kukasirika. Ilionekana hasira ikipanda hadi kidevuni, kisha ikashuka yenyewe.

"Kabla ya kamera," akasema. "Kabla ya kamera, mwanangu. Naweka kitu, sikioni. Naanza habari, inakatika. Nikajiambia, kuna mtu. Lazima kuna mtu. Nikamwita fundi aje anionyeshe huyo mtu, maana kama hayupo..."

Mjomba aliiweka rimoti mezani taratibu sana, kana kwamba ingeweza kulia.

Muuguzi alisimama na jora lile mikononi. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Nina hasira na wewe, mama. Nisikudanganye. Na huyu mwanao nina hasira naye zaidi, na hiyo tutaimaliza wenyewe." Akavuta pumzi. "Njoo ukae. Umesimama muda mrefu."

Akamshika mkono, akampeleka kwenye kochi, wakakaa, jora la kijani katikati yao. Mama akanong'ona kitu, mkwe akamwinamia kumsikia. Hakuna mwingine aliyelisikia neno hilo, na Bi Waya, ambaye kazi yake ni kuona, aligeukia mlango.

Alipokuwa akivaa viatu, mwana wa nyumba alimfuata nje. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ya wageni.

"Fundi. Ile kamera ya stoo. Tuitoe? Au ibaki?" Akashusha sauti. "Maana sasa mama naye, huenda siku moja akafungua mlango akatoka. Sijui. Au ndiyo tutakuwa tunamchunga kama mwizi?"

"Mimi nafunga na kufungua," Bi Waya akasema. "Hilo kaulize ndani."

"Nimwulize nani?"

Bi Waya aliutupa mkoba wake wa kazi begani, akashika njia. Yule kijana akarudi hadi kizingitini, akawatazama wanawake wawili waliokaa na jora kati yao, mmoja akiupapasa mkono wa mwenzake bila kumtazama usoni, na akabaki pale pale mlangoni, mdomo wazi, hajui aanze na yupi.